Jicho Lake, Kijicho Changu

Siki ikimwagika jikoni kwangu, kachumbari haiji akilini hata kidogo. Kinachokuja ni chumba kidogo kilichokuwa nyuma ya studio ya baba, Ngarenaro, chumba kisicho na dirisha, mlango wake umezibwa pembeni kwa vipande vya blanketi ili mwanga usipenye. Moja ya dawa alizosafishia picha ilinuka siki kabisa, na harufu yake ilimganda mikononi hata Jumapili kanisani. Juzi chupa ilinidondoka, nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi mpaka mwanangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nasikia harufu ya wivu. Alinitazama kidogo, akaenda zake. Nyie wa rika langu mtanielewa, hasa mliokulia kwenye nyumba ambamo ndugu walikuja kukaa.

Nieleze kidogo kwanza, maana hata sisi tuliokua enzi za mikanda tumeanza kusahau. Baba alikuwa mpiga picha, na picha wakati ule haikuonekana papo hapo. Ilikaa kwenye mkanda, gizani ndani ya kamera, ikingoja kusafishwa. Ndivyo tulivyosema, kusafisha, kana kwamba picha ilikuwa imo humo tayari, chafu, inasubiri maji. Mwanga ukiufikia mkanda kabla ya hapo, tulisema umeungua. Hakuna moto wala moshi, lakini umeungua, na hakuna fundi wa kuurudisha. Mtoto wa mpiga picha hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mlikumbuke, kwa sababu mbele ya safari sitakuwa na pa kujifichia.

Studio yetu ilikuwa chumba cha mbele, sisi tukiishi vyumba viwili vya nyuma, na uani tulishirikiana na jirani mmoja, Mama Zuhura, mwanamke wa Tanga aliyepika vitumbua. Pale mbele baba alipiga picha za kutulisha: pasipoti, kipaimara, harusi, watoto wa mwaka mmoja wanaolia juu ya zulia. Hizo zilikuwa za rangi. Za kwake mwenyewe zilikuwa nyeusi na nyeupe, alizisafisha kwa mkono wake, na mara nyingi hazikuwa na mtu ndani. Zilikuwa nyumba. Maduka ya zamani ya mjini yenye baraza, ngazi za simenti zilizolika katikati kwa kukanyagwa, kona ya ukuta, mabati, na mara kwa mara Mlima Meru ukiwa nyuma ya vyote. Aliziweka ukutani pamoja na picha za maharusi, na wateja walimtania.

"Fundi, siku hizi hata nyumba inakuja kuagiza picha?"

"Inakuja," baba alikuwa akijibu. "Na haifumbi macho kama wewe."

Jumapili zilikuwa zangu. Baada ya ibada nilivua viatu vya kanisani, nikavaa raba, tukatoka, baba na kamera yake ya zamani iliyokuwa nzito kama pasi, mimi na kioo chekundu mfukoni, nimekifunga kwenye kitambaa. Kioo kile baba alikiweka mbele ya lenzi alipotaka kupiga mlima. Alinieleza kazi yake mara nyingi, kwa uvumilivu uleule: kioo chekundu hupitisha wekundu wenzake na kuizuia bluu, kwa hiyo anga inatoka nyeusi kwenye picha, na mabonde ya mlima yanajitokeza kama mishipa ya mkono wa mzee. Nilikuwa nasema, "Ndiyo, baba." Kusema kweli nilikipenda kioo kwa sababu nyingine. Nilikiweka jichoni nikaona mji mzima umemwagiwa juisi.

Tulikuwa tukisimama mahali pamoja hata nusu saa. Watu waliopita walituuliza tunamsubiri nani.

"Kivuli," baba alijibu.

Na ilikuwa kweli. Alitaka kivuli cha baraza kiguse ngazi ya pili, kisifike ya tatu. "Usitazame nyumba," aliniambia. "Nyumba haiendi popote. Tazama mwanga unaifanya nini." Nilikuwa natazama, naona nyumba. Lakini kazi yangu ilikuwa kusema "tayari" kivuli kikifika, na nilipoisema, baba akabonyeza, nilijiona ni mimi niliyepiga. Nilikuwa na miaka kumi. Sikuhitaji kingine.

Kisha akaja Aichi.

Alitoka Nkoaranga, kijijini kwao mama, na mkungu wa ndizi na begi la shule lililoshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Mama yake, dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na bibi aliyebaki naye hakuweza kumtazama mgonjwa, kahawa, ng'ombe na mtoto wa shule kwa pamoja. Kwa hiyo wakubwa waliamua Aichi aje kwetu. Alinizidi mwaka mmoja. Kwetu mtoto wa mama mkubwa haitwi binamu, ni dada tu, na mama alinikumbusha hilo usiku wa kwanza alipomlaza kwenye kitanda changu, upande wa ukutani, upande wangu.

"Msogelee dada yako, asidondoke."

"Mbona mimi ndiye nitakayedondoka?"

"Wewe umezoea," mama alisema.

Jumapili iliyofuata baba akasema Aichi naye aje auone mji. Sikujali sana. Nilijua atachoka. Nilikuwa nimekwisha kuwapeleka watoto wa jirani mara mbili, na wote walianza kulia njaa kivuli kikiwa hakijasogea hata kidole. Nilijiandaa kumhurumia.

Hakuchoka. Alisimama mikono nyuma, kimya, kama mtu aliyeko kanisani. Halafu akanyoosha kidole kwenye ukuta mtupu wa ghala moja ambao mimi na baba tulikuwa tumeupita kila Jumapili. Juu ya ukuta ule kulikuwa na vivuli vya nyaya za umeme, vimenyooka sambamba, kimoja chini ya kingine.

"Baba mdogo," alisema, kwa sauti ya kuomba radhi, "ule si kama daftari?"

Baba akageuka. Akautazama ukuta, akamtazama Aichi, akautazama tena ukuta. Ulikuwa daftari. Ulikuwa daftari kabisa, lenye mistari, halijaandikwa, na ndege mmoja alikuwa ametua kwenye waya wa tatu kama herufi ya kwanza. Baba aliinua kamera bila kusubiri neno lolote. Sikuwahi hata kusema "tayari".

Wivu wa mtoto haulii. Unahesabu. Nilianza kuhesabu ni mara ngapi baba alimjibu Aichi kwa sentensi ndefu na mara ngapi alinijibu mimi kwa "ehe". Nilihesabu hatua alizotembea karibu naye. Kuifuta kamera vumbi kwa brashi laini kila Alhamisi ilikuwa kazi yangu tangu nikiwa darasa la kwanza. Mwezi wa pili wa Aichi, baba alimpa yeye, eti ana mkono mwepesi. Kioo nilibaki nacho, nikakishika kama ufunguo wa nyumba. Na siku moja mezani, akiomba chumvi, Aichi alisahau neno "mdogo" akasema tu, "Baba, naomba chumvi." Baba akampa. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi. Nililala siku hiyo nimempa mgongo, nikajitahidi kudondoka kitandani ili mama ajue.

Sasa niwaeleze kuhusu lile jengo.

Mjini, mtaa mmoja usio mbali na Mnara wa Saa, kulikuwa na duka la zamani la ghorofa moja, ukuta wake umefifia ukawa wa rangi ya maziwa. Juu lilikuwa na roshani ya mbao iliyotobolewa maua, na kwenye kilele cha ukuta, jina la mwenyewe wa kwanza, kwa herufi za simenti zilizokuwa zimeanza kumeguka. Baba alilipenda kuliko nyumba yoyote. Alikuwa amelipiga mara nyingi na hakuna picha hata moja iliyomridhisha; alisema kila mara kuna gari, au kivuli kimechelewa, au mawingu. Jumapili moja tulikuta limepigwa X. Mnaijua X hiyo. Rangi nyekundu, kubwa kama mlango, moja kila upande wa baraza. Maana yake nyumba inabomolewa.

Baba alikaa kwenye ukingo wa mtaro. Sikuwahi kumwona akikaa chini mjini.

"Hata nikilipiga," alisema, "nitapiga X. Mtu akiitazama picha hataona roshani. Ataona X tu."

Aichi alikuwa amesimama pembeni. Niliona midomo yake inasogea, kama mtu anayefanya hesabu ya kichwa.

"Baba mdogo. Kile kioo, si ulisema kinapitisha wekundu wenzake?"

"Ehe?"

"Sasa X si nyekundu? Ikipita yote, si itakuwa nyeupe kama ukuta?"

Nilikuwa na kioo kile mfukoni mwangu miaka mitatu. Baba alininyooshea mkono bila kunitazama, nikakifungua kwenye kitambaa nikampa. Akakiweka jichoni. Akaanza kucheka, kicheko ambacho sikukijua. Akampa Aichi.

"Imepotea!" Aichi alipiga kelele. "Imepotea yote!"

Nami nilitazama, mwisho, baada yao wote. Lilikuwa duka safi, zima, kana kwamba hakuna aliyelihukumu. Na kwa mara ya kwanza baba alimpa mtu mwingine kamera. Alimshika Aichi mabega, akamsogeza nusu hatua, akamwambia abonyeze yeye, mkanda wote uliobaki kama anataka. Alipiga roshani, alipiga herufi, alipiga ngazi. Mimi nilishika kitambaa.

Jioni baba alimweleza mama, chakula kikipoa. Alimaliza kwa kusema, "Huyu mtoto ana jicho."

Nililichukua neno lile nikaondoka nalo. Kesho yake, kabla ya shule, niliingia studio nikasimama mbele ya kioo cha wateja, kile chenye kitana kilichofungwa kwa kamba, nikajitazama macho yangu moja baada ya jingine. Yalikuwa sawa na ya watu wote. Nilidhani jicho ni kitu kimoja ambacho nyumba inapewa, na kwetu kilikuwa kimekwisha kutolewa.

Alhamisi hiyo Aichi alikuwa uani akiifuta kamera. Mama akamwita haraka aende bombani, maji yalikuwa yametoka. Aliifunga kwenye mfuko wake, akaiacha juu ya benchi, akakimbia na ndoo. Nami nilikuwa nimekaa mlangoni na daftari la sayansi.

Nataka kuwa mkweli, nimekwisha kuwa mtu mzima na haigharimu kitu. Nilijua. Sikuwa mtoto asiyejua mwanga unafanya nini. Nilichokosea ni hesabu. Niliwaza hivi: mkanda unajizungusha ndani, picha za mwanzo ziko chini, za mwisho ziko juu. Za mwisho ni za Aichi. Nikifungua kidogo tu, nihesabu mpaka tano, mwanga utaunguza zile za juu, kisha nitafunga, na za baba zitabaki salama huko ndani. Niliona nina akili sana. Nilitoa kamera mfukoni, nikavuta kile kibati cha pembeni, mgongo ukafunguka, na jua la saa nane likaingia. Moja. Mbili. Tatu.

"Haa!"

Mama Zuhura alikuwa ametokea kwenye mlango wake, mwiko mkononi, kanga imemtoka kichwani. Nilifunga kamera kwa kishindo.

"Ama kweli mtoto una kijicho wewe! Kamera si kaachiwa mwenzio hiyo? Irejeshe hapo ulipoitoa, haya!"

Alikuwa anatikisa kichwa, lakini alikuwa anacheka kidogo pia, kicheko cha puani. Nilirudisha kamera mfukoni, nikazungusha kamba ya mfuko. Na hapo, badala ya kuogopa, neno lake likaniingia polepole kama maji ya moto siku ya baridi. Kijicho. Shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha udogo wa majina wiki hiyo hiyo: mto, kijito, jiwe, kijiwe, mji, kijiji. Jicho, kijicho. Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa cha shule na cha wateja. Mambo ya kugombana mama aliyasema kwa Kimeru. Neno lile sikuwahi kulisikia. Na Mama Zuhura alikuwa mtu wa Tanga, watu wenyewe wa Kiswahili, asingekosea. Kama ameona nina kijicho, basi ninacho. Kidogo, sawa. Lakini kitakua.

Kesho yake Mama Zuhura alisafiri kwenda kwao, binti yake alikuwa amejifungua. Kwa hiyo hakuwepo Jumamosi baba alipotoka kwenye chumba cha giza na mkanda umening'inia mkononi, unachuruzika. Ulikuwa mweusi ti. Picha nne tu za mwanzo zilikuwa zimebaki, nazo kingo zake zimeliwa. Za Aichi zote, za baba karibu zote. Duka lile hakuna.

"Nani amefungua kamera?"

Mama alimtazama Aichi, kwa sababu kamera ilikuwa mikononi mwa Aichi, kila mtu aliliona hilo. Aichi alitazama miguu yake.

"Labda nilipoifuta," alisema, taratibu sana. "Labda niligusa."

Baba hakumpiga, hakumpigia hata kelele. Alisema tu kwamba kuanzia sasa kamera itakaa kabatini. Lakini jioni, kupitia ukuta, niliwasikia.

"Nilikwambia," mama alisema. "Umempa mtoto kitu kikubwa kuliko yeye. Na sasa anakaa kama mwizi, hali vizuri. Bora likizo hii arudi kwa bibi yake akasome huko huko."

"Tuone," baba alisema.

Aichi alikuwa amelala upande wa ukutani. Alikuwa karibu zaidi kuliko mimi. Sijui alisikia nini. Nilisikiliza pumzi zake, nikajiuliza mbona sina furaha, wakati kila nilichokitaka kilikuwa kinakuja.

Jumapili tukatoka mimi na baba peke yetu. Nilitembea upande wake wa kulia, mahali pangu. Alitaka kulipiga tena lile duka haraka, lakini tulipofika tulikuta limelala chini. Lilikuwa limebomolewa Ijumaa. Roshani ilikuwa mbao tu, zimerundikwa, na mwanamume mmoja alikuwa anazichagua za kupikia. Baba hakutoa kamera. Akasema basi twende Moshono, tukapige mlima, tusirudi mikono mitupu.

Kule juu mlima ulikuwa wazi. Baba aliweka kioo chekundu, akainama, jicho kwenye kamera, akaanza kungoja wingu moja lisogee. Nilikuwa nimesubiri nafasi hiyo siku tatu.

"Baba. Hata mimi ninalo."

"Nini?"

"Jicho. Dogo lakini. Mama Zuhura aliniambia nina kijicho."

Hakuondoa uso wake kwenye kamera. Mgongo wake tu ndio uliokuwa umebadilika, sijui niueleze vipi, kama mgongo wa mtu aliyeitwa jina.

"Alikwambia lini?"

"Alhamisi. Uani."

"Ulikuwa unafanya nini uani?"

Ndipo nilipogundua nimefika wapi. Nilisikia ng'ombe mahali fulani, na kengele yake. Wingu lilisogea, mlima ukawa mzima mbele yetu, na baba hakubonyeza. Alishusha kamera taratibu.

"Nilikuwa... nilikuwa na kamera," nilisema.

Alichuchumaa mpaka tukawa sawa. Nilikuwa nangoja kofi. Badala yake alinieleza neno, kwa sauti ileile aliyokuwa akinielezea kioo.

"Kijicho si jicho dogo, mwanangu. Ni husuda."

"Husuda ni nini?"

"Ni pale unapotaka mwenzako akose. Hata kama wewe hupati."

Nilitaka kumwambia kwamba nimepata, nimepata Jumapili. Lakini alikuwa anaitazama kamera kifuani pake kama kitu ambacho hajui kakipata wapi. Tuliteremka bila kupiga picha hata moja. Karibu na nyumbani alisema neno moja tu jingine: "Mwambie mwenyewe. Mimi simwambii."

Aichi alikuwa uani akimenya ndizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nilikaa mbele yake nikachukua kisu cha pili. Nilimenya ndizi tatu. Kisha nikasema, haraka, kwa kuitazama ndizi, kwamba aliyefungua kamera ni mimi.

"Najua," alisema.

"Umejuaje?"

"Kamba. Mimi huizungusha mara mbili. Niliikuta imezungushwa mara moja."

"Sasa mbona hukusema?"

Aliinua macho. Hakukuwa na hasira ndani yake, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Ningesema, halafu ningelala wapi?"

Nimesomea mambo mengi tangu wakati ule na nimefundishwa na watu wengi, lakini sijawahi kufundishwa kitu kwa maneno machache hivyo. Mimi nilikuwa napigania upande wa kitanda. Yeye alikuwa anapigania kitanda chenyewe. Na katika miezi yote ile nilipokuwa nahesabu sentensi za baba, yeye alikuwa anahesabu pia: vijiko vya chakula alivyojipakulia, ndoo alizobeba, mara alizocheka kwa sauti. Alikuwa anahakikisha hazidi. Sehemu pekee aliyojisahau ilikuwa barabarani, Jumapili, mbele ya ukuta wenye vivuli.

Usiku ule baba alimweleza mama, nami nikaitwa kueleza tena, na mama alinisemesha kwa Kimeru kwa muda mrefu. Sitayaandika. Habari ya Aichi kurudi Nkoaranga ikafa hapo hapo.

Mngependa niwaambie kwamba na wivu ulikufa. Ningependa pia. Jumapili iliyofuata baba alitoa kamera kabatini, akaitundika shingoni mwa Aichi mbele yangu, akazungusha kamba yeye mwenyewe ili isimfike magotini. Akasema twende wote watatu. Nilifuata nyuma yao, nikihesabu tena hatua ambazo baba alitembea karibu naye. Ninawaambia hivi kwa sababu baadhi yenu mna watoto wenye umri ule, na mkiwaona wameomba radhi mnadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Muwape muda, na msiwaulize kila siku kama bado wana wivu. Wanao.

Tulikwenda mahali palipokuwa na lile duka. Kifusi kilikuwa kimezolewa chote. Palibaki kiwanja kitupu cha udongo mwekundu, kuta za majirani zimeachwa uchi pande mbili, na katikati, pale ambapo tangu nizaliwe palikuwa na roshani, palikuwa na Mlima Meru. Mawingu yalikuwa yamefunika kilele, lakini mabega yote yalionekana. Mtaa ule haukuwahi kuuona mlima. Watu walikuwa wanapita, wanapunguza mwendo, wanatazama, hawajui wanashangaa nini.

Baba alikunja mikono. "Haya, mwenye jicho," alimwambia Aichi. "Kazi kwako."

Aichi alitazama kwa muda mrefu. Akasogea kushoto. Akarudi. Akainua kamera, akaishusha.

"Baba mdogo, haionekani ukubwa," alisema. "Mtu hatajua hapa palikuwa na nyumba kubwa kiasi gani." Halafu akanigeukia mimi. "Nenda ukasimame pale katikati."

"Kwa nini mimi?"

"Ili uwe kipimo."

Nilimtazama baba aniokoe. Baba alikuwa anatazama mwanga. Nikavuka mtaro, nikatembea kwenye udongo ule laini mpaka mahali palipokuwa na ngazi, nikageuka. Walionekana wadogo, wawili, wamesogeleana, baba ameinama anamnong'oneza kitu sikioni. Sikusikia alichomwambia. Mpaka leo sijui.

"Nyuma kidogo!" Aichi alipaza sauti. "Hapo hapo! Usicheke!"

Sikuwa na mpango wa kucheka.

Picha ile ilitoka vizuri. Aichi aliisafisha mwenyewe, baba akiwa amesimama nyuma yake gizani, na ndiyo ya kwanza yake iliyowekwa ukutani. Nimo ndani yake, mdogo kama kijiti cha kiberiti kilichochomekwa ardhini, mlima umesimama nyuma yangu, uso wangu umekunjamana wote. Amepiga picha nyingi nzuri tangu hapo, na watu wamezitundika kwenye kuta nzuri kuliko zetu, lakini hiyo aliniletea mimi, iko sebuleni. Wageni wakiiona huwa wananihurumia. Wanasema, maskini mtoto, jua lilikupiga machoni. Huwa nawaacha waseme hivyo, naenda kuleta chai. Siku ile jua halikutoka kabisa.